Mambo ya kuzingatia kabla hujalipa kodi ya chumba Mbeya, usije ukatolewa vitu nje mvua inanyesha

Vyuo vikikaribia kufungua hapa Mbeya, kuanzia Iyunga kule chuo kikuu cha MUST mpaka Forest na Block T, vyumba vinaanza kuzaliwa sehemu ambazo mwezi uliopita hazikuwa vyumba. Stoo inapigwa chokaa inakuwa singo, sebule inakatwa katikati kwa plaiwudi zinapatikana mbili, pagale lisilo na dari linazibwa madirisha kwa mbao afu dalali anaanza kupiga simu. Na watu wanalipa, tena miezi sita kwa mkupuo, maana ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa 2005, kwaiyo bei na idadi ya miezi ni maelewano yenu wawili, ambayo kwa hali halisi ni anavyotaka mwenye nyumba.

Sasa kuna kitu wengi wanakielewa wakiwa wameshakaa juu ya godoro barabarani. Chumba kibovu na kutolewa kihuni vinatoka kwa mtu yule yule. Aliyejenga bila kibali hakuwa na karatasi ya kujengea, hatakupa karatasi ya kukaa, na siku akikuchoka hatasumbuka kutafuta karatasi ya kukutoa. Kwaiyo unapokagua chumba, unakagua pia namna utakavyokuja kuondoka.

Anza na ardhi, chumba baadae. Kama nyumba iko karibu na barabara kuu ya Tunduma, zunguka nje uangalie ukutani kama kuna X. Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa barabara hifadhi ya mita 30 kila upande toka katikati, zamani ilikuwa 22.5, ndio maana utakuta X za aina mbili: nyekundu ni ya kubomoa bila fidia, ya kijani ni ya wale waliokutwa na ule upanuzi wa hifadhi, hao ndio wa kulipwa fidia. Na ukiona nyumba imepakwa rangi mpya upande unaotazama barabara tu, pembeni na nyuma tofali ziko vile vile na vumbi lake, uliza kwanza. Hii njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi imeshawafundisha wengi. Fidia ya jengo, kama ipo, ni ya mwenye jengo. Wewe mpangaji uliyelipa mpaka mwezi wa sita utaambiwa "kaka ongea na aliyekupangisha", na aliyekupangisha simu haipokelewi.

Mtoni nako hivyo hivyo, mita 60 toka kingo za mto au chanzo cha maji haparuhusiwi kujengwa, lakini nenda kwenye mabonde ya mito inayoshuka toka Loleza uone nyumba zilivyobanana, zingine choo kimening'inia juu ya korongo kabisa. Kodi huko ni ndogo na sababu ndio hiyo. Afu kuna milima yenyewe. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilishuka Itezi likafukia nyumba za watu na shule, na sio kwamba mlima ulikuwa umejificha. Kwa wa Iringa ni maeneo ya bondeni Ipogolo na zile nyumba za miinukoni zilizochimbiwa kwenye udongo bila ukuta wa kuzuia nyuma. Mtu akija kuangalia chumba mwezi wa tisa kila kitu kikavu hawezi kuona tatizo, kwaiyo tafuta mstari wa maji ukutani, ule wa rangi ya chai unaoishia labda usawa wa goti, na usimuulize dalali, muulize mama anayeuza mboga jirani mwezi wa tatu kunakuwaje hapa.

Dalali mwenyewe usimchukie, yupo kazini, ila kumbuka malipo yake, sawa na kodi ya mwezi mmoja, anayachukua siku unayolipa na hayarudi hata ukitolewa wiki inayofuata. Atakwambia "braza kimebaki hiki kimoja, kuna dada anakuja kulipia saa kumi". Mwache huyo dada alipie.

Baada ya ardhi ni nani hasa anakupangisha. Hapa ndipo watu wanaumia sana kuliko hata kwenye kuta. Nyumba nyingi za Mwanjelwa, Ilomba, Mabatini, zilijengwa na wazee ambao wengine wameshatangulia mbele za haki, na watoto hawajamaliza mirathi, kwaiyo kaka mkubwa anachukua kodi ya miezi sita, mwezi wa pili anatokea dada toka Tukuyu anasema nyumba ni ya wote na yeye hajaona hela, anataka mhame iuzwe. Unakuwa umelipa kweli, umelipa kwa mtu ambaye peke yake hakuwa na mamlaka ya kupangisha. Uliza: nyumba ni ya nani, yupo hai, kama hayupo nani ni msimamizi wa mirathi, na je ameteuliwa na mahakama au na kikao cha ukoo tu, maana kikao cha ukoo kinapendekeza, anayeteua ni mahakama. Uliza pia kama nyumba imewekwa dhamana benki. Watakuona mjuaji, sawa, waone. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, jitambulishe kama mpangaji mtarajiwa, dakika kumi tu utajua kama hiyo nyumba ina kesi, maana mtaani hakuna siri ya kesi ya nyumba.

Ukifika kwenye chumba chenyewe sasa, nenda mchana, nenda na mtu, zima taa. Dalali huwa anawasha taa mapema ili usione mwanga unaopenya kwenye matundu ya misumari ya bati. Weka kiganja ukutani upande wa chini karibu na kona, tofali zetu hizi za kuchoma zikijengwa bila kuzuia unyevu kwenye msingi zinanyonya maji toka chini, rangi inatoka kama magamba na chumvi nyeupe inabaki kwenye vidole. Ukuta wa hivyo Dar ni kero tu, Mbeya mwezi wa sita na wa saba ni kikohozi cha mtoto kisichoisha. Sukuma ile plaiwudi uone kama imefungwa kwenye mbao au imeegeshwa.

Dirisha ndio la kulikagua kuliko yote na watu wanalipita. Baridi ya huku inafanya watu wawashe jiko la mkaa ndani usiku, na mkaa ukishashika vizuri hautoi moshi ndio maana unaaminika, kumbe unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu analala haamki. Chumba kilichokatwa toka kwenye sebule mara nyingi dirisha limebaki upande wa pili, kwako kuna mlango tu. Hicho usichukue hata kama ni bure. Mwenye nyumba akisema "wenzako wote wamekaa hapa" mwambie asante baba, nenda kaangalie kingine. Na popote utakapokaa, jiko likae nje.

Choo uliza kimejaa au hakijajaa na nani analipa gari la kunyonya, na je hilo gari linafika, maana kuna vichochoro hata guta halipiti. Maji uliza yanatoka siku gani.

Luku nayo ni somo. Kwanza kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye luku, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kama chumba au nyumba ilikaa tupu miezi kadhaa bila kununuliwa umeme deni limejilimbikiza, wewe mgeni unaweka hela ya kwanza unashangaa uniti zimekuja kiduchu. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwaiyo mkubaliane mapema mtahesabianaje, na ikibidi andikeni. Pili, ile tarifu ya bei ya chini ni kwa wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, wapangaji sita mkichangia luku moja hiyo muisahau. Tatu, fuata waya kwa macho toka kwenye mita mpaka chumbani kwako, ukikuta umevutwa juu ya dari toka chumba cha jirani na viungo vimefungwa nailoni, hapo kuna moto unasubiri siku yake na kuna ugomvi wa hela kila mwisho wa mwezi, maana anayemiliki mita ndiye anayekukatia siku akikasirika.

Karatasi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali pango lisilozidi mwaka hata kwa mdomo, kwaiyo usitishwe kwamba huna mkataba basi huna haki. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi ahakikishe inafaa binadamu kukaa, akuache ukae kwa utulivu bila bughudha. Shida ya mdomo ni ushahidi. Kwaiyo hata karatasi ya daftari inatosha kuanzia: majina kamili, chumba kipo wapi, kodi kiasi gani, umelipa toka lini mpaka lini, notisi ni muda gani kila upande, hela inarudije ukitolewa kabla, nani anatengeneza bati likitoboka. Shahidi wa kila mmoja, mkagongewe muhuri ofisi ya mtaa. Hela tuma kwa simu au benki ili jina lake litokee, akitaka keshi basi asaini mbele ya mtu. Na siku unaingia, kabla hujaingiza hata ndoo, piga video chumba kizima, nyufa zote, choo, mita, afu mtumie mwenye nyumba hapo hapo kwa WhatsApp ukimwambia "baba nimekabidhiwa kikiwa hivi". Hatajibu, haijalishi, tiki mbili zinatosha.

Kwenye notisi jua hili: kama hamkuandika muda wowote, pango linahesabiwa kwa kipindi mnacholipia, unalipa kwa mwezi basi notisi isipungue mwezi. "Nakupa mpaka Jumapili uwe umehama, mwanangu anarudi toka Dar" sio notisi, ni maneno. Na mara nyingi huyo mwana hana safari, kapatikana mtu wa kuongeza elfu ishirini.

Akija kwa ubabe, dalili zinafuatana: maji yanafungwa, umeme "umeharibika" chumba chako tu, afu unakuta kufuli juu ya kufuli lako, au mlango umevuliwa, au fundi yupo juu anang'oa bati na mvua ya Mbeya inavyojua kushuka. Hayo yote hana ruhusa kuyafanya hata kama unadaiwa. Kudaiwa ni kudaiwa, ana njia yake ya kukudai. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kukutoa, sungusungu hana, hata polisi hawatoi mpangaji kwa kuombwa na mwenye nyumba. Anayetoa ni dalali wa mahakama au wa baraza mwenye amri mkononi, kwaiyo ukifuatwa omba kuiona amri, soma jina lako na tarehe. Vitu vikivunjwa au vikichukuliwa hilo ni jinai, nenda kituoni, na wakianza kukwambia haya ni madai sisitiza vitu vyako vilivyopotea na uombe RB, ile namba ya taarifa yako polisi.

Kwa mgogoro wenyewe mnaanzia baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na likishindwa ndani ya siku 30 mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama huna hela ya wakili usikate tamaa, toka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri watakuelekeza wanakopatikana.

Neno dogo kwa wenye mapagale maana najua nao wanasoma. Kuingiza wapangaji kabla hujamalizia ili kodi imalizie nyumba ni hesabu inayoeleweka, wengi wamejenga hivyo, ila weka dari, dirisha linalofunguka na choo kwanza, malumalu zitasubiri. Na mpangaji akikwama kodi, mwandikie barua, weka nakala, peleka kata. Inachelewa kweli, inakera. Lakini ukimng'olea bati afu akafika barazani na video yake na risiti zako, deni lake linageuka kuwa kitu kidogo na cha kuulizwa ni wewe, tena swali la pili litakuwa kibali cha ujenzi kiko wapi.

Kwa aliyeshalipa na ameshaona dalili hizo, fanya hivi wiki hii: toa kopi za miamala yote, ziache kwa mtu asiyeishi kwenye hiyo nyumba, vyeti vyako vya shule na kitambulisho cha NIDA navyo vitoke humo. Godoro litanyeshewa utalianika, cheti cha fomu foo kikinyeshewa safari ya Baraza la Mitihani inakuhusu.