Usinunue mashine ya kukata hei kwa namba ya boneti

Mkulima ana trekta dogo, ubavuni mwa boneti pameandikwa 25. Muuzaji anamuuliza nguvu ya trekta, "Farasi ngapi?" Anajibu 25. Anauziwa mashine ya diski (sahani zinazozunguka zikiwa na visu pembeni) ya mita 1.65 inayotaka farasi 30, kwa maelezo kwamba upungufu ni kidogo, trekta litajikaza. Trekta halijikazi. Linachemka, klachi inaungua, na majani yanachanwa badala ya kukatwa. Kosa hili linajirudia kila msimu wa hei, majani yanayokaushwa kulisha mifugo, na wanaolifanya wengi ni watu wanaojua sana kupanda, kupalilia na kufunga marobota. Kwa hiyo hayo sitayagusa.

Namba ya boneti ni nguvu ya injini. Mashine ya kukata inaungwa kwenye PTO, yaani ekseli fupi inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha mashine, na nguvu ikifika huko imeshapungua njiani. Kwa trekta la gia za kawaida hesabu asilimia 85 ya namba ile. Kwa trekta linaloendeshwa kwa haidroli, lile la kukanyaga pedali tu bila kubadili gia, hesabu 75 hadi 80. Kitabu cha trekta huwa kinaitaja nguvu ya PTO peke yake, mahali pake. Kifungue.

Halafu punguza mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Halafu weka akiba ya moja ya tano kwa ajili ya majani mazito, kilima na uzee wa injini. Tuifanye hesabu hiyo kwa trekta letu la 25 lililoko mita 1,500: PTO inatoa 21, mwinuko unashusha hadi 18, ukitoa akiba unabaki na farasi 14 na kitu. Hiyo 14 ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Ukitaja 25 umejidanganya mwenyewe, na usije kumlaumu muuzaji.

Sasa farasi 14 zinaendesha nini? Mashine ya meno, ile yenye kisu kinachokwenda na kurudi kama msumeno, ndiyo yenye njaa ndogo kuliko zote. Kukata kwenyewe kunahitaji chini ya farasi 2 kwa kila mita ya upana, hivyo hata ya mita 1.8 trekta hili linaimudu, na nguvu inabaki ya kujisukuma lenyewe. Ya madramu mawili, mitungi inayozunguka ikiwa na visu chini, yenye upana wa mita 1.35 iachie trekta lenye farasi 20 hadi 25 za PTO. Diski ya mita 1.65 inataka 30 hadi 35. Namba hizi hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo soma kibati cha mashine na uulize swali moja tu: hizi ni farasi za PTO au za injini? Asiyeweza kujibu hana mashine ya kukuuzia. Na slasha ya trekta, ile ya kufyekea vichaka, isihesabiwe kabisa hapa. Slasha inasaga majani vipande vipande, nusu yake hutaweza kuyakusanya.

Wapo waliokwisha kununua kubwa, na dawa yao ni kupunguza mafuta na kwenda polepole ili "trekta lisiumie". Hapo ndipo hasara inapoongezeka. Madramu na diski hukata kwa kasi ya kisu, hazina kitu kingine kinachoshikilia jani. Zimeundwa kwa mizunguko 540 ya PTO kwa dakika. Ukishusha hadi 400, kisu kimepoteza zaidi ya robo ya mwendo wake, jani linalala badala ya kukatika, na shina linalobaki limechanika. Trekta likizidiwa, shusha gia ya mwendo na uache injini izunguke pale kitabu kinaposema PTO inafika 540. Mafuta yasiguswe. Kama hata gia ya chini kabisa haisaidii, mashine hiyo si ya trekta hilo, rudisha au badilishana na jirani mwenye trekta kubwa.

Nguvu ikitosha, kazi bado. Kuna uzito, na huu namba ya boneti haiusemi kabisa. Ekseli ya mbele lazima ibaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta mashine ikiwa imenyanyuliwa, la sivyo usukani unakuwa pambo. Chukua trekta la kilo 900 lenye kilo 360 mbele, na mita 1.6 kati ya ekseli mbili. Mashine ya kilo 300 ambayo kitovu cha uzito wake kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma huondoa mbele 300 mara 1.2 gawa kwa 1.6, yaani kilo 225. Zinabaki 135, na ulitakiwa kuwa na 180. Upungufu ni kilo 45. Vyuma vya kilo 36 vikining'inizwa sentimita 40 mbele ya ekseli ya mbele vinaufidia; weka 40 ulale salama. Mawe ndani ya gunia lililofungwa kwa kamba si uzito wa mbele, tafadhali.

Tazama pia pini za mashine zinazoingia kwenye mikono miwili ya chini ya kunyanyulia, nyuma ya trekta. Trekta dogo hupokea pini ya milimita 22. Ukikuta mashine ina pini za milimita 28, imeundwa kwa trekta kubwa kuliko lako, na hiyo ni ishara ya bure usiyolipia. Kuna waliozisaga pini kwa grainda ili ziingie. Ziliingia.

Uwezo wa kunyanyua nao usomwe vizuri. Vitabu vingi hutoa namba mbili: moja kwenye ncha za mikono, nyingine milimita 610 nyuma ya hapo. Ya pili ni ndogo, na ndiyo ya kufuata, kwa kuwa mashine ya kukata hukaa mbali nyuma na hutokeza kulia. Kwenye mteremko pita mashine ikiwa upande wa juu.

Shafti ya PTO inayokuja na mashine mara nyingi ni ndefu mno kwa trekta dogo. Inyanyue na kuishusha mashine polepole, injini imezimwa, utafute mahali shafti inapokuwa fupi kuliko pengine pote. Hapo ibaki nafasi ya sentimita 2.5 kabla mirija yake miwili, mmoja ndani ya mwingine, haijagotana. Ikibidi kukata, kata mrija wa ndani na wa nje kwa kipimo kilekile, pamoja na vifuniko vyake vya plastiki, piga tupa kwenye kingo, paka grisi. Wakati wa kazi mirija ishikane angalau theluthi ya urefu wake. Anayekata kwa macho hununua giaboksi.

Kama trekta lako lina klachi ya hatua moja, yaani pedali moja inayokata mwendo na PTO kwa pamoja, madramu yanaendelea kuzunguka ukikanyaga klachi na yanalisukuma trekta mbele, moja kwa moja kwenye uzio au shimo. Hakikisha shafti ina kiungo kinachozunguka huru kwa mwelekeo mmoja tu. Kikiongezwa kando hurefusha shafti kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo pima upya.

Waliochagua meno wasisahau kwamba ncha ya nje ya upanga, ile fito ya chuma inayobeba kisu, inatakiwa kutangulia ncha ya ndani kwa sentimita 2 kwa kila mita, kwa sababu kazini majani huisukuma nyuma. Upanga wa mita 1.8 utangulie karibu sentimita 4. Kisu kikifika mwisho wa mwendo wake, kila jino lisimame katikati ya kidole chake, kile chuma kilichochongoka kinachoongoza majani kwenye kisu. Likipitiliza au kupungua, inatafuna. Usikate kukiwa na umande, kisu kitaziba kila hatua kumi.

Acha shina la sentimita 7 hivi. Shina likisimama limekatwa safi na moshi wa trekta haujawa mweusi, mambo yamekaa sawa. Baada ya saa ya kwanza zima injini, chomoa ufunguo, kisha kaza boliti zote za visu.