Kutambua toleo la rivolva ndogo ya Smith & Wesson Chiefs Special

Kwanza fungua silinda na uhakikishe vyumba vyote 5 ni vitupu.

Silinda ikiwa wazi, tazama kwenye kiunzi mahali kinapokaa kipande kinachoibeba silinda. Tangu 1957 namba ya modeli hugongwa hapo: 36 ni chuma cha kawaida, 37 (Airweight) ina kiunzi cha aluminiamu, 60 ni chuma kisichoshika kutu, iliyoanza 1965. Pasipo namba, huenda ni ya kati ya 1950 na 1957.

Sumaku haishiki kiunzi cha aluminiamu. Ila isikudanganye: chuma cha modeli 60 nacho hunasa, kwa hiyo haikitofautishi na chuma cha kawaida. Kosa la wengi ni kuiita 36 iliyopakwa nikeli kuwa 60. Nikeli hung'aa kama kioo, na ikichakaa hubanduka. Chuma kisichoshika kutu kina kijivu kilichopoa. Airweight za mwanzoni zilikuwa na silinda ya aluminiamu pia. Ukiipata, usiifyatue, iliacha kutengenezwa kwa sababu ya udhaifu.

Kitufe bapa cha kufungulia silinda ni cha kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Pini inayokatiza kiunzi juu ya shina la mtutu iliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.