Namna ya Kumpata Mpiga Video wa Harusi Jijini Mwanza

Mpiga video mzuri hatafutwi wiki mbili kabla ya shughuli. Familia nyingi za Kikristo huepuka kufunga ndoa wakati wa Kwaresima, na za Kiislamu huepuka sherehe mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo Jumamosi za baada ya Pasaka na Idi, pamoja na zile za Desemba, hugombaniwa na kamati nyingi kwa wakati mmoja. Mara tarehe na ukumbi vinapothibitishwa, kamati imwekee mpiga video kifungu chake katika bajeti, badala ya kumsubirishia michango itakayosalia baada ya chakula, vinywaji na mapambo kulipiwa.

Wengi humchagua kwa kutazama vipande vifupi alivyoweka mtandaoni, vyenye muziki mtamu na bibi harusi akigeuka taratibu. Vipande hivyo havitoshi, kwa kuwa mtu aliyerekodi saa nane hakosi dakika moja nzuri. Mwombe akuoneshe video nzima ya harusi moja, ambayo wenyewe wameridhia ioneshwe, na iwe ya usiku ukumbini. Kisha isogeze hadi mahali ambapo mzazi anatoa nasaha, ufumbe macho na kusikiliza. Je, sauti ya baba inakufikia kama ya mtu aliyeketi karibu nawe, au inatoka mbali kwenye spika, imechanganyika na mlio wa vijiko na watoto wanaokimbia nyuma ya kamera? Kwa maoni yangu jaribio hili ni muhimu kuliko mengine yote, kwa sababu maneno ya wazee ndiyo familia itakayoyarudia miaka mingi baadaye, pengine wakati wasemaji wenyewe hawapo tena.

Muulize, kwa hiyo, sauti anaichukuaje. Anayeijua kazi atakueleza kwamba huchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya DJ (mashine ya kuchanganyia sauti), huweka kinasa sauti kingine karibu na msemaji kama akiba, na wakati wa viapo humvalisha bwana harusi kipaza sauti kidogo kisichotumia waya. Ikiwa mtacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, mwambie mapema, maana ngoma zile zikipigwa karibu na kipaza sauti ambacho kiwango chake hakikushushwa, sauti hupasuka, na iliyopasuka haitengenezeki vizuri wakati wa uhariri. Kwa sherehe ya bustanini kando ya ziwa, vipaza sauti vyake viwe na kinga ya upepo, kwa sababu upepo wa mchana kutoka ziwani huvuma sana ndani ya sauti hata pale ambapo wageni wanauona kuwa wa kupendeza tu.

Nenda naye ukumbini kabla ya siku yenyewe, taa zote za mapambo zikiwa zimewashwa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na baadhi ya taa za LED hupepesa kwa kasi ambayo jicho haliitambui lakini kamera huionesha kama mistari inayopanda na kushuka juu ya nyuso za maharusi. Mara nyingi kuweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde huondoa tatizo hilo, ila ni lazima lijulikane kabla. Siku hiyohiyo ulizeni kuhusu jenereta, na mpiga video aje na betri za kutosha kuendelea umeme unapokatika.

Picha za nje zinahitaji ratiba ya kweli. Mwanza iko karibu na ikweta, hivyo jua huzama karibu na saa 1 jioni mwaka mzima, likitofautiana kwa takriban nusu saa tu, na mwanga laini huanza kama saa 11 na nusu. Jua huzama upande wa ziwa. Maharusi wakisimamishwa mbele ya Jiwe la Bismarck, lililo ziwani, saa hizo, nyuso zao zitakuwa gizani iwapo mpiga video hana taa au kiakisi cha mwanga. Msafara wenye matarumbeta hauendi haraka, kwa hiyo ibada ikichelewa kwa saa moja mwanga huo unaweza kuwapita. Kwa wanaotaka kwenda kisiwa cha Saanane, ile ni hifadhi ya taifa, na masharti ya kurekodi huulizwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mapema. Droni nayo ina kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, kando ya ziwa, hivyo droni inaweza kukaribia njia za ndege. Asiyeweza kukuonesha kibali asiirushe katika sherehe yako.

Kanisani na msikitini, kiongozi wa ibada ndiye mwenye kauli ya mahali kamera inaporuhusiwa kusimama. Katika shughuli za wanawake watupu, tafuta mpiga video mwanamke, na mhariri wake pia awe mwanamke ikiwa familia inataka hivyo.

Makubaliano yaandikwe na kutiwa saini. Yataje jina la atakayekuja kupiga, kwa sababu si haba wanaomwona fundi mmoja ofisini na kumpokea kijana mwingine siku ya harusi. Yataje pia idadi ya kamera, saa ya kuanza na kumaliza, gharama ya muda wa ziada endapo sherehe itafika usiku wa manane, tarehe ya kukabidhi kazi, na kama anaruhusiwa kuweka sura zenu mtandaoni. Malipo yagawanywe mara tatu: kabla, siku ya shughuli, na wakati wa kukabidhiwa.

Kuna kifungu ambacho kamati nyingi hukisahau, nacho ni hifadhi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kila saa. Kamera mbili kwa saa nane ni gigabaiti 720. Ndiyo maana wapiga video wengi hufuta picha ghafi, yaani zile ambazo hazijahaririwa, mapema ili kupata nafasi ya kazi nyingine. Kubalianeni azitunze kwa muda gani, na ikiwezekana mnunulie diski ya nje ya terabaiti moja, awape picha ghafi pamoja na video iliyohaririwa. Kadi za kumbukumbu zisifutwe kabla hazijanakiliwa mahali pawili tofauti.

Siku ya kukabidhiwa, nenda na mtu wa kamati, mfungue video kwenye kompyuta, mkague viapo, nasaha za pande zote mbili na ukataji wa keki, mhakikishe diski inafunguka, kisha ndipo mlipe sehemu ya mwisho.