Namna ya kuchambua wasifu wa wakurugenzi wa kampuni ya programu za kusanifu chipu

Kazi yangu hapa Malindi ni kuwachunguzia watu kampuni. Wateja wangu wengine ni wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta pa kuanzia kazi, wengine ni vyama vya akiba vilivyoanza kununua hisa za Marekani kwa simu. Siku hizi wengi wananiletea kampuni za aina moja: zile zinazotengeneza programu ambazo wahandisi hutumia kusanifu chipu za simu, magari na mitambo ya akili unde. Wakishataja jina la kampuni, huuliza bei ya hisa. Mimi huwauliza: kwenye bodi wameketi akina nani, na walikuwa wakifanya kazi gani kabla ya kuketi hapo?

Bodi ndiyo inayomwajiri mtendaji mkuu na kumwachisha kazi, na ndiyo inayopitisha manunuzi makubwa. Mwezi Januari 2024 Synopsys, mojawapo ya kampuni hizo, ilipotangaza kwamba itainunua Ansys, kampuni ya programu za kuigiza mitambo kwenye kompyuta, kwa takriban dola bilioni 35, uamuzi huo ulikuwa umepitia mikononi mwa watu wachache. Ukijua walikotoka watu hao, unaweza kukisia ni maswali gani yaliulizwa mezani, na ni yapi yaliyokosa mtu wa kuyauliza.

Hatua ya 1: Hakikisha kampuni ina bodi yake

Soko hili limeshikwa na kampuni tatu. Synopsys ilianzishwa mwaka 1986. Cadence ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganisha kampuni mbili, SDA Systems na ECAD. Zote mbili zimeorodheshwa kwenye soko la hisa la Nasdaq, moja kwa alama ya SNPS na nyingine CDNS. Ya tatu ni Mentor Graphics ya mwaka 1981, lakini ilinunuliwa na Siemens ya Ujerumani mwaka 2017 kwa dola bilioni 4.5 na sasa ni sehemu ya Siemens. Usipoteze muda kutafuta bodi ya Mentor ya leo. Ukienda kwenye baraza la usimamizi la Siemens utakuta watu 20, nusu yao wakiwakilisha wafanyakazi, wanaosimamia treni, mitambo ya viwanda na mengine mengi. Kwa zoezi hili, baki na Synopsys na Cadence.

Hatua ya 2: Pakua waraka wenyewe

Waliozoea kampuni za Kenya hudhani watapata kitu kama CR12, ile karatasi ya eCitizen inayotaja wakurugenzi na hisa zao, basi. Marekani, kampuni iliyoorodheshwa sokoni inalazimika kueleza mengi zaidi, na inaeleza hadharani.

Ingia kwenye tovuti ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, sehemu inayoitwa EDGAR. Ni bure, wala huhitaji kujisajili. Andika SNPS au CDNS, kisha katika orodha ya nyaraka chagua DEF 14A ya karibuni. Huo ndio waraka ambao wanahisa hupelekewa kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Mwaka wa hesabu wa Synopsys huisha karibu na mwisho wa Oktoba, kwa hiyo waraka wake hutoka mara nyingi Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma. Cadence hufunga hesabu Desemba na wake hufuata baadaye, masika yakikaribia. Ukurasa ni mrefu na unakula bando, basi uhifadhi mara moja kwenye simu au kompyuta usiufungue upya kila siku. Umeme ukikatika utaendelea kusoma.

Usianze na wasifu ulio kwenye tovuti ya kampuni. Ule umeandikwa kupendeza. Usianze pia na majibu ya programu za akili unde, maana huchanganya watu wenye majina yanayofanana na kuwapa wengine vyeo ambavyo hawakuwahi kushika. Waraka wa DEF 14A una sheria nyuma yake: ukisema uongo ndani yake kuhusu jambo zito, kampuni inaweza kushtakiwa.

Hatua ya 3: Fungua jedwali

Fungua Excel au daftari lenye mistari. Kila mkurugenzi apate mstari mmoja: jina, umri, mwaka alioingia bodi, kazi kuu pamoja na mwaka wa kuanza na wa kumaliza, bodi nyingine anazoketi, kamati zake, elimu yake, na ukurasa ulikoyatoa hayo. Safu ya ukurasa ndiyo watu hupenda kuiruka. Usiiruke, kwa sababu mteja atakuuliza umejuaje.

Wakurugenzi utawapata kwenye hoja ya kwanza ya kupigiwa kura. Hoja ya kwanza huwa ni uchaguzi wao.

Hatua ya 4: Soma miaka kabla ya vyeo

Huku pwani mwenye jahazi akitafuta nahodha humuuliza amevuka bahari zipi na katika msimu gani. Mkurugenzi naye msome hivyo. Mtu aliyekuwa mtendaji mkuu miaka 15 iliyopita na aliye kazini leo wanaweza kuandikwa kwa maneno yaleyale ya sifa, lakini uzoefu wao haufanani.

Kanuni za SEC zinataka waraka ueleze kazi za mkurugenzi kwa miaka mitano iliyopita, bodi za kampuni za umma alizoketi katika kipindi hicho, na kesi fulani za kisheria za miaka 10. Tangu mwaka 2010 kampuni inatakiwa pia kusema ni ujuzi gani uliofanya kila mmoja aonekane anafaa. Elewa maana ya miaka mitano. Cheo cha zamani kinachopendeza kitatajwa kwa hiari, na cha zamani kisichopendeza kinaweza kukaa kimya. Kwa hiyo rudi nyuma: tafuta nyaraka za kampuni alikotoka, za miaka aliyokuwa huko. EDGAR imehifadhi nyaraka tangu katikati ya miaka ya 1990, na ni hazina ambayo wachunguzi wengi hawaigusi.

Ukirudi nyuma utakutana na kampuni zilizobadilisha majina au kumezwa. Mercedes Johnson, aliyeingia kwenye bodi ya Synopsys, aliwahi kuwa ofisa mkuu wa fedha wa Avago Technologies. Anayelisoma jina la Avago leo anaweza kulipita, kumbe Avago ndiyo iliyoinunua Broadcom mwaka 2016 na kuchukua jina lake, na Broadcom ya sasa ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa chipu duniani. John Schwarz, wa bodi hiyohiyo, aliongoza Business Objects ambayo ilinunuliwa na SAP, kampuni ya programu ya Ujerumani. Kwenye jedwali andika jina la wakati ule, halafu pembeni andika kampuni ikawa nini.

Hatua ya 5: Uliza kila mmoja alitoka upande gani wa biashara

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nenda nayo taratibu.

Programu hizi haziuzwi kwa watu wa kawaida. Mhandisi hueleza kwa lugha maalumu kile ambacho chipu inapaswa kufanya. Programu inageuza maelezo hayo kuwa mtandao wa saketi, inazipanga, inakagua kama umeme na muda vitatosha, na inatoa michoro ambayo kiwanda kitaifuata. Chipu moja kubwa ina transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, mabilioni, na kosa likigunduliwa baada ya kufika kiwandani, hasara ni mamilioni ya dola. Wateja ni wachache na wakubwa, na mikataba ni ya miaka mingi. Basi tafuta kwanza aliyewahi kuwa mteja. Mtu aliyekaa kwenye kampuni ya chipu akilipa ada za programu hizi anajua zinapochelewesha kazi na anajua bei inapoumiza. Johnson wa Avago anahesabika hapa, na anahesabika pia upande wa fedha. Mtu mmoja anaweza kujaza nafasi mbili, na ukimtia kwenye kundi moja tu utaipima bodi vibaya.

Kundi la pili ni watu wa programu za kawaida. Bruce Chizen aliongoza Adobe kuanzia 2000 hadi 2007, na aliingia bodi ya Synopsys mwaka 2001. Hawa wanajua kuuza leseni, kutunza watengenezaji wa programu na kununua kampuni ndogo. Si lazima wajue chipu inavyotengenezwa. Si kasoro, mradi tu bodi nzima isiwe imejaa wao peke yao.

Mwanafunzi mmoja wa Ngomeni, aliyekua akiyatazama majukwaa ya kurushia roketi ya San Marco baharini, aliniuliza kama mwalimu wa chuo anaweza kuwa na sauti kwenye bodi za namna hii. Anaweza sana. Alberto Sangiovanni-Vincentelli, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni miongoni mwa waanzilishi wa Cadence na pia wa Synopsys, na ameketi kwenye bodi ya Cadence kwa miaka mingi. James Plummer, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi cha Stanford, naye ameketi hapo. Sayansi ya kusanifu chipu kwa kompyuta ilikulia vyuoni, kwa hiyo profesa kwenye bodi hii huwa ni mtu wa ndani kabisa ya fani. Ukiona neno profesa, angalia anafundisha nini: John Shoven wa Stanford, aliyeketi pia Cadence, ni mwanauchumi.

Halafu wapo wawekezaji. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Lip-Bu Tan. Alianzisha kampuni ya uwekezaji ya Walden International mwaka 1987, akaingia bodi ya Cadence mwaka 2004. Mwaka 2008 mtendaji mkuu wa Cadence na wasaidizi wake kadhaa walipojiuzulu, bodi ilimtazama mtu aliyekuwa tayari mezani. Tan alipewa uongozi Januari 2009, akaushika hadi Desemba 2021 alipomwachia Anirudh Devgan. Machi 2025 akawa mtendaji mkuu wa kampuni ya chipu ya Intel. Aliyesoma wasifu wake mwaka 2004 angemwona kama mwenye mtaji tu. Ndiyo maana nasisitiza: kila jina kwenye orodha lisome kana kwamba kesho litapewa funguo za kampuni.

Pengo ambalo mimi hulitafuta sasa kwa bidii ni la watu wanaojua sheria za kuuza teknolojia nje. Julai 2025 Cadence ilikubali kukiri kosa na kulipa zaidi ya dola milioni 140 kwa sababu ya mauzo yaliyofanyika kati ya 2015 na 2021 kwa chuo kikuu cha kijeshi cha China kilichokuwa kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani. Kabla ya hapo, Mei mwaka huohuo, serikali ya Marekani ilikuwa imezuia mauzo ya programu hizi China, kisha ikalegeza Julai. Biashara inayoweza kufungwa na kufunguliwa kwa barua moja ya serikali inahitaji mtu mezani anayezielewa barua hizo. Pitia jedwali lako: yupo? Kama hayupo, andika hivyo wazi kwenye ripoti.

Hatua ya 6: Tafuta mafungamano

Waraka utasema wakurugenzi wengi ni huru. Soma maana yake. Kwa Nasdaq, mtu aliyeajiriwa na kampuni katika miaka mitatu iliyopita hawezi kuitwa huru, na yapo masharti kuhusu malipo aliyopokea na biashara ya mwajiri wake. Miamala kati ya kampuni na mkurugenzi inayozidi dola 120,000 lazima ielezwe. Tafuta tarakimu hiyo ndani ya waraka, itakupeleka moja kwa moja kwenye sehemu husika. Mkurugenzi anayefanya kazi kwa mteja wa programu hizi si haramu, ila unapaswa kujua kwamba yupo.

Jambo ambalo Nasdaq hailiwekei kikomo ni muda. Kanuni za utawala bora za mamlaka yetu ya masoko ya mitaji hapa Kenya, za mwaka 2015, zinasema mjumbe huru hupoteza sifa hiyo akishatimiza miaka tisa. Marekani mtu anaweza kukaa miaka 20 na bado akaitwa huru. Mimi humwekea alama kila aliyepita tisa. Simhukumu, lakini mteja wangu anastahili kujua.

Angalia pia bodi nyingine anazoketi. Sheria ya Marekani ya Clayton, ya mwaka 1914, inakataza mtu mmoja kuketi kwenye bodi za kampuni mbili zinazoshindana, kwa hiyo hutamwona mtu yuleyule Synopsys na Cadence kwa wakati mmoja.

Hatua ya 7: Linganisha wasifu na kamati

Hii ni fupi. Kamati ya ukaguzi inatakiwa kuwa na angalau watu watatu, wote huru. Angalia nani ametajwa kuwa mtaalamu wa fedha, kisha rudi kwenye mstari wake uone kama kweli aliwahi kusimamia hesabu za kampuni au aliongoza tu walioshika hesabu.

Hatua ya 8: Andika, halafu endelea kufuatilia

Ripoti yangu huwa kurasa mbili: jedwali, aya ya mapengo, aya ya mafungamano. Siandiki kama hisa inunuliwe au isinunuliwe.

Bodi hubadilika, na haisubiri waraka wa mwaka. Mkurugenzi akiingia au akitoka, kampuni hutoa fomu ya 8-K ndani ya siku nne za kazi. Tafuta kipengele 5.02. Synopsys ilipokamilisha ununuzi wa Ansys Julai 2025, watu wawili kutoka bodi ya Ansys waliingia kwenye bodi yake, mmoja wao akiwa Ajei Gopal, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Ansys. Aliyekuwa na jedwali la Februari peke yake angekuwa anachambua bodi ambayo haipo tena. Badiliko la namna hiyo likitokea, ongeza mistari mipya, uirudie Hatua ya 5 kwa hao walioingia, na umtumie mteja jedwali jipya likiwa na tarehe juu yake.