Siku ya kuchangia damu mwaloni huchaguliwa kwa mwezi

Nina kilo 46, na watu wa Damu Salama, wanaokusanya damu ya hospitali, wanataka angalau 50. Kwa hiyo katika siku nne za kuchangia damu nilizoandaa hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mimi mwenyewe sijatoa hata tone. Kazi yangu ni kuita watu, kuazima viti na kugawa soda. Naandika haya kwa ajili ya mwenye nia ya kufanya jambo hili kwenye mwalo wake, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, awe Kayenze, Kirumba au ng'ambo Ukerewe, maana mara ya kwanza nilikosea vibaya na sioni sababu ya mwingine kukosea palepale.

Nilianza kwa sababu ya mkamwana wangu. Alijifungua salama, mtoto akalia, tukapiga vigelegele, kisha damu ikagoma kukata. Nesi akatoka akatuambia damu ya kundi lake imebaki chupa moja, ndugu wajitokeze. Ndugu tulikuwa saba kwenye benchi. Wawili presha ilikuwa juu, mmoja alikuwa amekunywa tangu mchana, dada yake mkamwana ananyonyesha, mzee wangu kapita miaka 65, mimi mnajua kilo zangu, na wa saba alikwenda chooni hatukumwona tena. Aliyefaa ni kijana wa bodaboda aliyetuleta, ambaye alikuwa bado anasubiri nauli yake nje. Mkamwana akapewa ile chupa, nyingine ikatafutwa hadi usiku, akapona. Mjukuu anasoma chekechea sasa. Hospitali siitaji, manesi walihangaika kuliko sisi. Jokofu lao lilikuwa karibu tupu kwa sababu sisi wa mitaani hatukuwa tumeweka kitu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Jambo la kwanza ni tarehe, na hapa ndipo nilipoanguka. Mara ya kwanza nilichagua Jumamosi, nikidhani ndiyo siku watu wana nafasi. Wasabato wote wakawa kanisani. Halafu ilikuwa giza, yaani zile siku mwezi haupo, dagaa wanafuata taa, na kila mtumbwi uko ziwani usiku kucha. Asubuhi wavuvi wanatua wamechoka, wanapima dagaa, wanalala. Timu ya damu ilikaa chini ya turubai langu kuanzia saa tatu hadi saa nane wakaondoka na chupa tano. Tano! Wanaume wenye miili, ambao damu yao ingejaza kasha, walikuwa wanakoroma mita mia moja kutoka hapo.

Anayeishi na wavuvi wa dagaa ahesabu kwa mwezi. Mwezi ukikaribia kupevuka taa hazina kazi tena, mitumbwi inapumzika, na mwalo unajaa watu wasio na shughuli. Kalenda za dukani zenye tarehe za Kiislamu zinasaidia: tarehe 14 au 15 ya mwezi huo ndiyo mbalamwezi yenyewe. Ila usichukue siku ya kwanza waliyopumzika. Siku hiyo wana hela, na mnajua zinakoishia. Subiri siku mbili tatu, hela ipungue, usingizi ulipwe, vichwa vitulie. Aliyelewa au asiyelala hatapokelewa, na ni haki yake kukataliwa.

Kuna sababu nyingine ya mbalamwezi ambayo nesi ndiye aliyenifumbua macho. Mtu akishatoa damu hatakiwi kufanya kazi nzito siku ile. Mvuvi atakayetoa damu saa nne asubuhi halafu usiku akavute nyavu anaweza kushikwa na kizunguzungu akiwa katikati ya ziwa. Nchi kavu kizunguzungu ni kukaa chini ukanywa maji. Kwenye mtumbwi ni msiba. Kama mwalo wako ni wa sangara na sato, ambao hawafuati taa, basi kaa na wenye mitumbwi mkubaliane siku ambayo watoaji hawatapanda chombo. Hilo usilifanyie mzaha.

Ukiweza kuoanisha mbalamwezi na likizo za shule, Juni au Desemba, utakuwa umelenga penyewe. Wanafunzi wa sekondari ni watoaji wakubwa wa damu nchi hii. Shule zikifungwa, majokofu yanaanza kulia, na damu si mahindi kwamba utaweka ghalani: chupa hukaa wiki tano hivi, imekwisha. Sisi wa Kanda ya Ziwa mahitaji yetu ni makubwa. Kuna malaria inayokausha damu za watoto, kuna wazazi kama mkamwana wangu, kuna watoto wa selimundu (sickle cell) ambao huku ni wengi mno, na hospitali ya Bugando inapokea wa rufaa kutoka Geita, Mara, Kagera, Simiyu na kwingineko.

Siku ya wiki chagua katikati. Ijumaa waachie Waislamu, Jumamosi Wasabato, Jumapili wengine. Mwezi wa Ramadhani usiandae mchana, kwa sababu mtoaji lazima awe amekula na kunywa.

Barua andika mapema, mimi huanza wiki tatu kabla. Ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, na kwa mganga wa zahanati yenu, maana yeye ndiye anayejua njia ya kuwafikia wenye kazi yao, Damu Salama, ambao kituo chao cha kanda kiko hapahapa Mwanza. Vitanda, mifuko, sindano na vipimo wanakuja navyo wao. Wewe kazi yako ni kivuli, viti, maji na watu. Usijaribu kuleta daktari wako wa kujuana. Kama utafunga spika na kukusanya umati, mwombe mtendaji akusaidie na taarifa ya polisi. Iwafikie saa 48 kabla. Uongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, nao uwape heshima yao, maana mwalo ni wao na ukiwapita watakukwamisha kwa neno moja tu.

Halafu kuna mumiani.

Msicheke. Mimi nilicheka, nikajuta. Mara ya pili, siku mbili kabla, mama mmoja muuza uji alisimama kwenye vichanja tunapoanikia dagaa akatangaza kuwa gari linakuja kunyonya damu za watu zipelekwe Ulaya. Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka mwalo mzima. Kubishana naye mbele ya watu kungeikuza. Nilimfuata kwake asubuhi, mwangaluka mama, nikakaa kwenye kigoda, nikanywa uji wake na kulipa. Nikamsikiliza hadi mwisho. Ndipo nikamwomba mkamwana wangu aje na mtoto mgongoni amsimulie mwenyewe. Yule mama ndiye siku hizi anayewapikia uji watoaji, na bei ananipunguzia kidogo.

Kwa hiyo siku tatu kabla, mlete nesi kijiweni. Asije na maikrofoni, aje akae kwenye benchi wanapocheza bao aulizwe maswali ya kijinga na ya kweli. Wanaume watauliza kama damu ikitolewa nguvu za kiume zinapungua. Ajibu bila haya. Aseme kinachotolewa ni mililita 450, haijafika nusu lita, na mwili unairudisha. Aseme damu haiuzwi. Watu wa hapa wana uchungu na hilo, wapo waliowahi kuombwa hela kwenye korido fulani, na usipolisema wewe watalisema wao.

Lakini lipo jambo ambalo halisemwi kijiweni hata nesi awe hodari namna gani. Damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kila mtu mwaloni analijua hilo, na maisha ya mwaloni mnayajua. Kijana anayekwepa foleni huenda haogopi sindano, anaogopa majibu. Mwingine anajijua kabisa, ila wenzake wote wameshajipanga na akibaki nyuma wataanza kunong'ona. Huyo ukimlazimisha ataingia, atadanganya kwenye maswali, na kipimo kinaweza kisiuone ugonjwa ulioingia juzi juzi. Umemsumbua yeye na umemhatarisha mgonjwa. Mwachie mlango. Mimi husema kwa sauti, tangu asubuhi, kwamba wanaorudishwa ni wengi na sababu ni nyingi: kilo, presha, dawa za malaria alizomaliza karibuni, damu kidogo. Najitaja mimi mwenyewe kuwa wa kwanza kurudishwa. Sehemu ya maswali iwekwe mbali na foleni, kwenye chumba au nyuma ya turubai lililoning'inizwa vizuri, mtu aseme siri yake na nesi, atoke akitabasamu aseme "presha", na asiwepo wa kumhoji. Majibu ni yake peke yake. Ukimkuta mjumbe wa kamati yako anachungulia fomu, mfukuze siku hiyo hiyo.

Akina mama wengi hurudishwa kwa damu kidogo, na inauma mtu akiwa ameacha biashara yake kuja. Waambie wiki kadhaa kabla. Dagaa wetu hawa hawa tunaowauzia watu wa mbali wana madini ya chuma. Tuwale na sisi, pamoja na matembele, mchicha na maharage, kipande cha limau pembeni. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, inazuia chuma kisiingie vizuri, isubiri kama saa moja. Mjamzito na anayenyonyesha asijipange kabisa. Siku yenyewe mtu ale chakula chake cha kawaida, hata michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi inatosha, na anywe maji mengi.

Kuvuta watu sasa. Sisi Wasukuma bila ushindani jambo halinogi. Ndiyo maana tuna Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, na ndiyo maana sikukuu ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, hujaza watu kila Juni. Mara ya tatu nikawapambanisha wavuvi na bodaboda. Zawadi ilikuwa mpira mmoja wa miguu, basi, wala si hela, maana ukianza kulipa umeshanunua damu. Watu walikuja! Ila nikagundua kosa: nilikuwa nahesabu chupa, na kijana mmoja wa bodaboda alificha kuwa ana homa ili upande wake usishindwe. Nesi alimgundua, sifa zimwendee. Tangu hapo nafanya kama ngoma zile zinavyofanya, ambako mshindi ni aliyevuta watu wengi. Kila anayefika mezani anaandikiwa alama moja, akubaliwe au arudishwe. Wavuvi wanaongoza kwa sasa na bodaboda hawalali.

Gharama si kubwa kama unavyodhani. Turubai na viti niliazima kwa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Maji ya kunywa, ndoo ya kunawia, sabuni. Timu huwa inakuja na soda na biskuti, lakini wewe ongeza akiba, maana zikiisha saa sita utasikia maneno. Watu watakushauri uchapishe fulana. Mimi nakataa, hela ya fulana ishirini ni uji wa watu wengi, na picha za fulana huwa zinamnufaisha mgombea. Mwanasiasa akija akae kwenye foleni, na hotuba atoe akiwa ameshikilia pamba mkononi.

Siku yenyewe mwenyekiti wa mtaa aanze, watu wamwone akiamka kitandani mzima. Wakishatoa wasiondoke haraka. Wakae kivulini kama robo saa, wanywe, mkono usinyanyue mzigo. Weka mtu mmoja, asiye mpole sana, wa kuwazuia vijana wasirukie pikipiki.

Wakishaondoka watu wa damu, kazi yako haijaisha. Nina daftari la mistari ambalo hulala chini ya godoro langu. Anayekubali, namwandika jina, namba ya simu, na kundi la damu akishalijua kutoka kwenye kadi yake. Mwanaume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Nahesabu, natazama kalenda ya dukani mbalamwezi itaangukia lini, napiga simu moja moja. Ujumbe wa kikundi hawausomi. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari yupo yule kijana wa bodaboda wa usiku ule, ambaye sikumbuki kama nauli yake tulimlipa. Nikimuuliza anacheka tu.