PIN ya KRA kwa biashara ndogo: anza na yako mwenyewe

Mtu akitaka kufungua duka la nafaka Luanda kule Vihiga au kinyozi Kondele, Kisumu, jambo la kwanza analoambiwa ni atafute "PIN ya biashara", yaani nambari ya mlipa ushuru inayotolewa na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Wengi huzunguka siku nzima wakitafuta kitu ambacho hakipo. Biashara ikiwa yako peke yako, haina PIN yake. Kisheria wewe na duka ni mtu mmoja, kwa hiyo PIN yako ya kawaida, ile inayoanza na herufi A, ndiyo PIN ya duka. Ukifungua maduka matatu, moja Kisumu, moja Mbale na moja Kakamega, yote yatatumia hiyo hiyo moja.

PIN inayoanza na herufi P ni ya kampuni, ya ubia wa watu wawili au zaidi, au ya kikundi kilichosajiliwa. Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, jiulize biashara ni ya nani kwenye karatasi. Dada yako akikukopesha pesa za mtaji, huyo si mbia. Lakini jina la biashara likisajiliwa kwa majina yenu wawili, hapo mmeingia ubia na njia yenu ni nyingine. Tutaifikia chini.

Utaratibu ufuate mpangilio huu: PIN yako kwanza, kisha jina la biashara, kisha unarudi kwenye PIN kuongeza habari za biashara, mwisho leseni ya kaunti. Mpangilio huu si wa kujipendea. Sheria ya Taratibu za Ushuru inadai PIN kabla ya kusajiliwa jina la biashara, kupewa leseni, kufungua akaunti ya benki na hata kuunganishiwa umeme. Anayeanzia kwa afisa wa leseni hurudishwa mwanzo.

Kupata PIN yako

Kwanza hakikisha huna. Aliyewahi kuomba mkopo wa masomo wa HELB au kuajiriwa kwa barua huenda alisajiliwa zamani akasahau. Ukijaza fomu na mfumo ukasema kitambulisho hicho kimeshatumika, usijaribu ujanja wa nambari nyingine. Nenda Huduma Centre na kitambulisho chenyewe, uulize PIN yako, ufufue akaunti.

Kama huna, ingia itax.kra.go.ke, chagua "New PIN Registration", aina ya mlipa ushuru iwe mtu binafsi, mkaazi wa Kenya, kisha fomu ya mtandaoni. Huduma hii ya KRA ni ya bure. Pesa anazokutoza kijana wa saiba ni za kazi yake na intaneti, wala si ada ya serikali, kwa hiyo elewaneni bei kabla hajaanza.

Majina na tarehe ya kuzaliwa viandikwe kama vilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa sababu mfumo unavilinganisha na sajili ya watu. Aliyezoea kuitwa Wafula na kitambulisho chake kinasema Wafulah ataandika Wafulah. Sanduku la posta nalo litakusumbua kama huna. Tumia la kanisa, shule au jamaa aliyekuruhusu, pamoja na nambari sahihi ya posta ya mji: Kisumu 40100, Kakamega 50100, Bungoma 50200, Busia 50400, Nakuru 20100. Usikubali sanduku la kubuni.

Sasa kuna jambo moja ambalo tungependa ulishike kuliko mengine yote. Barua pepe na simu ziwe zako. Mteja akisema hana barua pepe, watu wengi wa saiba huweka ya kwao ili kazi iishe haraka. Cheti kinatoka, unalipa, unaondoka umefurahi. Mwaka unaofuata unahitaji kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wako, nywila imesahaulika, na nywila mpya inatumwa kwa barua pepe ya mtu ambaye pengine amefunga saiba akahamia Eldoret. Mbaya zaidi, anayeshika barua pepe hiyo anaweza kuingia kwenye akaunti yako ya ushuru. Kama huna barua pepe, ifunguliwe kwanza, kwenye simu yako, nywila uiandike wewe mwenyewe daftarini. Na kama tayari umenaswa hivyo, peleka kitambulisho chako Huduma Centre au ofisi ya KRA iliyo karibu uombe anwani ibadilishwe.

Kwenye sehemu ya wajibu wa ushuru, mwenye biashara ndogo anayeanza anahitaji kimoja tu: ushuru wa mapato wa mtu binafsi mkaazi. Usiweke tiki kwenye VAT (ushuru wa thamani iliyoongezwa) wala PAYE (ushuru wa mishahara) eti kwa sababu biashara inaonekana kubwa zaidi hivyo. VAT ni lazima kwa anayeuza bidhaa zinazotozwa ushuru huo za shilingi milioni 5 au zaidi kwa miezi 12, na PAYE ni kwa mwajiri. Kila tiki ni ahadi ya kuwasilisha ritani kila mwezi, uwe umeuza au hujauza. Ritani ya VAT iliyochelewa huvuta faini ya shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru, kubwa kati ya hizo. Ni tiki ya sekunde moja, lakini mwenye kibanda cha viazi hawezi kuibeba.

Ukimaliza, cheti hutoka papo hapo. Nywila ya mwanzo huja kwa barua pepe. Ingia siku hiyo hiyo uibadilishe.

Jina la biashara

Hatua hii iko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara. Andaa majina kadhaa, kwa sababu yale mepesi mengi yamechukuliwa. Usiweke "Limited" kama si kampuni, na jiepushe na maneno kama "Kenya", "National" au "Bank", ambayo huhitaji idhini. Utajaza kazi ya biashara, mahali ilipo na PIN ya mwenyewe, utachapisha fomu, utaitia sahihi, utaiskani na kuirudisha mtandaoni. Ada ni karibu shilingi 1,000, inayolipwa kwa Paybill ya serikali, 222222. Usitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi anayedai ataharakisha.

Je, jina ni lazima? Ukiuza kwa majina yako kamili ya kitambulisho, hulazimiki. Ukitaka kuitwa "Nyota ya Magharibi Posho Mill", ni lazima.

Kuunganisha duka na PIN

Watu wengi huishia kwenye cheti cha jina na kuacha PIN ikisema wao hawana biashara. Ingia iTax, fungua "Registration", kisha "Amend PIN Details". Kwenye chanzo cha mapato, jibu ndiyo kwa mapato ya biashara, halafu ujaze nambari na tarehe ya cheti cha jina, tarehe uliyoanza kuuza, jengo, barabara na mji. Tarehe ya kuanza iwe ya kweli. Ukiweka ya miaka miwili iliyopita kwa kubahatisha, umefungua mlango wa kuulizwa mauzo ya miaka hiyo miwili. Baadhi ya mabadiliko hungoja idhini, kwa hiyo hifadhi risiti ya maombi.

Hapo ndipo swali la ushuru wa mauzo linapoingia, ule ambao kwenye skrini unaitwa "Turnover Tax", na hapa inafaa kuchukua kalamu. Unamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 lakini yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Kiwango chake, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, ni asilimia 3 ya mauzo yote bila kutoa gharama yoyote, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Chukua kibanda cha soko la Kibuye, Kisumu, kinachouza shilingi 3,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 78,000 kwa mwezi na 936,000 kwa mwaka, chini ya milioni moja. Ushuru wa mauzo haumhusu; atawasilisha ritani ya mapato mara moja kwa mwaka. Jirani yake anauza 4,000 kwa siku: 104,000 kwa mwezi, 1,248,000 kwa mwaka. Yeye ameingia, na kwa mwezi atadaiwa 3,120.

Kama jirani huyo anashona nguo na faida ni nusu ya mauzo, 3,120 si mzigo. Lakini kama anauza sukari na unga, na faida yake ni shilingi 8 kwa kila 100, basi kwa mwezi amebaki na 8,320, na ushuru unachukua zaidi ya theluthi. Mtu wa namna hii ana haki ya kumwandikia Kamishna kwamba amechagua kutokuwa kwenye ushuru wa mauzo. Akirudi kwenye ushuru wa kawaida, faida yake ya mwaka ni 99,840; asilimia 10 yake ni 9,984, na nafuu ya mlipa ushuru, inayopunguzwa kutoka ushuru huo, ni 28,800 kwa mwaka. Kama hana mapato mengine, halipi kitu. Sharti ni rekodi: risiti za kununua bidhaa, daftari la mauzo ya kila siku, kodi ya chumba. Asiye na rekodi hana cha kuonyesha faida yake ni ndogo. Barua hiyo iwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mkiwa wawili au kikundi

Ubia huombewa PIN yake chini ya "Non-Individual". Mnahitaji cheti cha jina, mkataba wa ubia na PIN ya kila mbia. Asilimia za kugawana faida zijumlishe 100 kamili. Ndugu watatu wakiandika 33 kila mmoja fomu itakwama, kwa hiyo mmoja aandike 34. Ubia wenyewe haulipi ushuru wa mapato, ila una ritani yake, na kila mbia hutangaza fungu lake kwenye ritani yake mwenyewe. Kikundi cha akina mama nacho kianze kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, kiwe na watu wasiopungua 10, kisha PIN iombwe kwa cheti hicho na PIN za maafisa. Kampuni inayosajiliwa eCitizen hupewa PIN pamoja na usajili.

Baada ya hapo

PIN ikitoka hata Desemba, ritani ya mwaka huo inadaiwa kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kubwa kati ya hizo. Ritani ya sufuri ni ya asiyepata kitu. Mwenye duka linalouza kila siku asikubali kuwasilishiwa sufuri kwa sababu tu ni rahisi na mtu wa saiba ameizoea.

Ankara za eTIMS, yaani ankara za kielektroniki za KRA, zinaweza kukuhusu hata kama hujasajiliwa kwa VAT. Asiye na kompyuta anaweza kuzitoa kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Shule au hoteli inayonunua mboga kwako itahitaji ankara hiyo, maana bila hiyo gharama yao haikubaliwi.

Leo hii, toa cheti chako cha PIN utazame jedwali lililo chini. Kila wajibu umeandikwa na tarehe ulioanza. Ukikuta VAT au PAYE ambayo hukuiomba, wasilisha kwanza ritani za miezi iliyopita, kisha uombe wajibu huo uondolewe, na usiache kufuatilia mpaka cheti kipya kitoke bila huo.