Kumzoeza fundi wa majokofu kukabili uvujaji wa amonia kwa uhalisia pepe

Amonia hutumika kupoza katika viwanda vingi vya samaki, maziwa, bia na barafu, nayo huifanya kazi hiyo vizuri mno. Hatari yake huja pale inapovuja. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inahesabu sehemu 300 za amonia katika kila sehemu milioni za hewa kuwa ni hatari ya papo hapo kwa uhai na afya, na gesi hiyo ikifikia kati ya asilimia 15 na 28 ya hewa ya chumba huweza kuwaka kwa cheche moja. Hakuna msimamizi awezaye kuifungulia ili mafundi wake wajizoeze. Miwani ya uhalisia pepe, yaani inayomwonyesha aliyeivaa mahali palipoundwa kwa kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, humruhusu fundi kukutana na tukio hilo mara nyingi bila kuumia, lakini faida hiyo hupatikana tu ikiwa zoezi limetungwa kutokana na kazi yake mwenyewe.

Kwa hiyo usianze kwa kununua miwani. Anza kwa kukaa na mkuu wa zamu, mhandisi na fundi mkongwe wa chumba cha mashine, mchague tukio moja mnalolijua kwa undani. Ningependekeza umwagaji wa mafuta. Mafuta ya kompresa, mashine inayoisukuma amonia kwenye mabomba, ni mazito kuliko amonia iliyo katika hali ya kimiminika, hivyo hujikusanya chini ya matangi na hulazimika kutolewa mara kwa mara. Yakiisha huku valvu ingali wazi, kinachofuata ni amonia yenyewe. Ndiyo maana bomba la kutolea mafuta linapaswa kuwa na valvu inayojifunga yenyewe mkono ukiiachia, na ndiyo maana fundi anayeishikiza kwa waya ibaki wazi ili akafanye kazi nyingine anahatarisha maisha ya zamu nzima.

Andikeni tukio hilo kama mfululizo wa maamuzi. King'ora kinapolia, fundi anatoka au anakimbilia valvu? Swichi ya kuzima mitambo iliyo nje ya mlango anaikumbuka? Upepo unaelekea wapi, na je, mahali pa kukusanyikia pako upande unaofaa leo? Mwenzake akianguka ndani, ataingia bila mtungi wa hewa? Swali hili la mwisho lipewe nafasi kubwa kuliko yote, kwa sababu huruma ndiyo inayomwingiza mwokoaji katika gesi na kuongeza idadi ya waathirika.

Mtengenezaji wa programu naye aelezwe tabia halisi ya gesi. Mvuke wa amonia ni mwepesi kuliko hewa, lakini amonia iliyotoka kwa shinikizo ikiwa baridi, ikachanganyika na unyevu, huweza kufanya ukungu mweupe mzito unaotambaa sakafuni. Vilevile, fundi akielekeza maji kwenye dimbwi la amonia, programu ionyeshe mvuke ukiongezeka ghafla, kwa maana ndivyo inavyotokea.

Video iliyopigwa kwa kamera ya pande zote ni nafuu na inatosha kumfundisha mgeni njia za kutokea, ila humwacha akitazama tu. Kwa maamuzi inahitajika picha ya kompyuta ambayo mtu anaweza kutembea na kushika vitu ndani yake. Chumba hicho kiwe chenu: milango, rangi za mabomba na mahali pa kila valvu vifanane na kiwandani, na sauti za maelekezo ziwe za Kiswahili. Programu ya kununua iliyotengenezwa kwa kiwanda cha mbali, hata ikiwa na picha za kupendeza, humzoesha fundi kunyoosha mkono mahali pasipo na kitu.

Tengeni eneo tupu la mita 2 kwa 2, awepo mtu wa kumwangalia anayefanya zoezi, na programu iwekwe kwenye miwani mapema ili isitegemee intaneti. Mara ya kwanza fundi aizoee miwani tu, bila king'ora. Zoezi lisizidi dakika 15. Anayehisi kichefuchefu avue mara moja na asiendeshe gari wala mtambo mpaka apate nafuu, na mwenye historia ya kifafa asilazimishwe kuvaa.

Fundi akikosea, msimkatize. Aone kosa lake likifika mwisho. Baada ya hapo zungumzeni kwa muda mrefu kuliko zoezi lenyewe, mkianza na alichokiona na alichokisikia kwanza, kwani mara nyingi kosa huanzia kwenye ishara iliyompita. Matokeo yasipelekwe kwenye faili la nidhamu. Mtu anayeogopa barua ya onyo hujifunza kuiridhisha programu, na hofu aliyo nayo kuhusu gesi hubaki palepale.

Miwani haitoi harufu, haina uzito wa mtungi wala ugumu wa valvu iliyoshika kutu. Siku hiyohiyo, kila fundi aende chumba cha mashine chenyewe, aguse swichi na valvu alizozitumia, avae kifaa cha kupumulia na asikilize filimbi yake ya kuonya kuwa hewa inakwisha, ambayo katika vifaa vingi hulia shinikizo la mtungi likishuka hadi karibu bari 55. Aende pia kwenye bomba la kunawia macho na kuhakikisha maji yanatoka, maana aliyepatwa na amonia machoni anahitaji kusafishwa kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi akisubiri kupelekwa hospitali. Zoezi la wafanyakazi wote kutoka nje ya jengo liendelee kufanyika kama kawaida.

Bomba likihamishwa, valvu ikibadilishwa au mlango ukizibwa, chumba cha kwenye miwani kirekebishwe kabla ya zamu nyingine kukitumia, na mazoezi yasimame hadi marekebisho hayo yakaguliwe na fundi anayefanya kazi humo.